Meza ya Kitalu: Jinsi ya Kuitengeneza kwa Miti ya Pori

Ndugu wa Lubutu, ninyi wa Bitule na ninyi wa Obokote, na ninyi mnaokaa karibu na karieri za mawe: maneno haya ni ya kazi ya siku mbili tu. Twataka kila nyumba iwe na meza moja katika bustani. Si meza ya kulia chakula, wala si meza ya kuandikia. Ni meza ya kujazia udongo katika vikopo, ya kupandia mbegu, na ya kulelea miche mpaka ipate nguvu ya kwenda shambani. Mahali pa kulelea miche wengine huita pepinyeri; sisi tutasema kitalu.

Meza hii haitaki fedha nyingi. Miti i katika mashamba yenu ya zamani, kamba ziko porini, na majani ya kuezekea mwayajua tangu utoto. Yatakiwa mikono, kipimo, na moyo wa kufuata utaratibu.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa nchi ya mawe

Wazee wanajua habari za mawe. Mwaka 1932 ilianzishwa kampuni ya Symétain, ikachimba mawe ya bati katika Maniema. Watu wa kazi walikula mchele, muhogo, makemba na mawese yaliyotoka vijijini. Mwaka 1976 makampuni ya bati yaliunganishwa, ikawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia yote, na nguvu za kampuni zikapungua mpaka ikafa. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, na vijana wengi waliacha majembe. Mwaka 2001 bei ikashuka tena. Baadaye watu walikimbilia Bisie, upande wa Walikale, wakachimba kwa mikono miaka mingi. Mwaka 2019 kampuni ilianza kutoa bati pale kwa mashine.

Twaona nini katika habari hizi? Twaona kwamba bei ya jiwe hupangwa mbali na sisi. Hupanda bila kutuuliza, hushuka bila kutuambia. Lakini njaa huja kila siku, bei ikiwa juu au ikiwa chini.

Hatusemi kwamba kijana asiende karieri. Twasema kwamba nyumba yake isibaki bila chakula. Tena, penye karieri pana watu wengi wasiolima, na wote watafuta mboga. Nyanya, bilinganya na pilipili zikitoka mbali kwa pikipiki, hufika zimepondeka na bei yake ni kali. Nani atapata faida? Ni yule aliye karibu, mwenye miche mizuri kwa wakati wake. Jiwe likitolewa shimoni halirudi, lakini mpapai huzaa tena.

2. Kwa nini meza, wala si chini

Watu wengi humwaga mbegu chini, nyuma ya jiko, wakingoja. Mbegu kumi zikimea, huenda zikabaki mbili. Nani ameziua? Maadui wanne.

Adui wa kwanza ni mvua. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mvua yanyesha karibu miezi yote. Matone makubwa huchimbua mbegu ndogo, na maji huzichukua. Tena matone yakipiga ardhi, hurusha matope juu ya majani, na matope hayo huleta magonjwa.

Adui wa pili ni wanyama wa nyumbani. Kuku huchakura, bata hukanyaga, mbuzi hula.

Adui wa tatu ni ugonjwa wa kuoza shina. Mche umetoka vizuri, majani mawili yako wazi, halafu asubuhi waukuta umelala, shina limekuwa jembamba kama uzi pale chini. Si uchawi, wala jirani hakuutazama vibaya. Ni kuvu ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenda udongo uliojaa maji, kivuli kingi, na miche iliyosongamana. Juu ya meza maji ya ziada hutoka kwa chini, hewa hupita, na ugonjwa hupungua.

Adui wa nne ni uchovu wa mgongo. Kazi ya kujaza vikopo mia tatu kwa kuinama huumiza. Mama mwenye mimba, mzee, na mtu aliyetoka katika ugonjwa hawaiwezi. Penye meza mtu husimama wima au huketi juu ya kiti kirefu, na kazi huisha. Hivyo hata wale wasioweza kwenda shamba la mbali wana kazi yenye faida.

3. Vitu vya kutafuta

Meza yetu ina urefu wa meta 2 na nusu, upana wa meta 1, na kimo cha sentimeta 90 toka chini. Msizidishe upana, maana mkono wa mtu hufika nusu meta bila taabu. Mkisimama pande zote mbili mtafika katikati.

Tafuteni hivi:
- Miguu 6 yenye panda juu, urefu wa meta 1 na sentimeta 40, unene wa sentimeta 10.
- Boriti 2 za meta 2 na sentimeta 70, unene ule ule.
- Fito 30 zilizonyoka za meta 1 na sentimeta 10, unene wa sentimeta 5, kama kifundo cha mkono wa mtoto.
- Ubao mmoja au mbili za kufunika nusu meta upande mmoja wa meza. Asiye na ubao apasue mianzi, ailaze bapa.
- Fito 4 ndefu za ukingo, na miti 4 ya mshazari.
- Miti 4 ya kivuli: miwili ya meta 2 na nusu, na miwili ya meta 2 na sentimeta 10.
- Kekele iliyopasuliwa ya kufungia, na mangongo au majani ya mchikichi ya kuezekea.
- Panga, kisu, jembe, kamba ya kupimia, na chupa yenye maji nusu.

Sababu gani miguu iwe minene? Kwa sababu udongo uliolowa ni mzito. Kikopo cha upana wa sentimeta 8 na kimo cha sentimeta 15 kina uzito karibu kilo 1. Juu ya meza vyaingia vikopo 300. Hesabuni: kilo 300, kama watu watano wazima wameketi pamoja. Meza ya vijiti itaanguka usiku wa mvua, na kazi ya mwezi mzima itakwisha.

Mti gani wafaa? Kwa miguu chagueni mti mgumu usiopendwa na mchwa, kama kambala au limbali. Kombokombo hukua upesi na ni mwepesi, lakini huoza upesi vilevile. Usiwe mguu kamwe. Waweza kuwa fito, nanyi mjue kwamba mtazibadili mapema. Kateni miti katika mashamba yenu yaliyolala. Msiingie kuikata katika Mbuga ya Maiko, ambayo inalindwa kwa sheria tangu mwaka 1970.

4. Kusimamisha meza

Kwanza, chagueni mahali. Pawe karibu na maji na karibu na nyumba, ili mwone mara moja mnyama akija. Pasiwe chini ya mti mkubwa wala mahali maji hutuama. Meza isigusane na ukuta.

Pili, pimeni. Urefu wa meza ufuate njia ya kaskazini na kusini, ili upande mmoja mrefu utazame mahali jua lichomozapo, na upande wa pili litokapo kwenda kuzama. Pigeni vigingi 6: vitatu upande huu, vitatu upande ule. Toka kigingi hata kigingi kwa urefu ni meta 1 na sentimeta 25. Kwa upana ni meta 1. Ili kujua kwamba pembe zimenyoka, pimeni kwa kamba toka pembe hata pembe ya kukabili, kisha pimeni pembe mbili nyingine. Vipimo viwili vikiwa sawa, ni vizuri. Visipokuwa sawa, sogezeni vigingi.

Tatu, tayarisheni miguu. Ondoeni maganda yote, maana mchwa hupita chini ya ganda. Sehemu itakayoingia ardhini, pamoja na kipande kidogo juu yake, igeuzeni katika moto mpaka nje iwe nyeusi. Msiiunguze mpaka ndani.

Nne, chimbeni mashimo ya sentimeta 50. Tieni mguu, tieni mawe madogo na udongo kidogo kidogo, na kila mara shindilieni kwa nguvu. Tazameni kwamba mguu umesimama wima: shikeni uzi wenye jiwe upande wa mguu, mkalinganishe.

Tano, lazeni boriti mbili juu ya panda. Wekeni chupa yenye maji nusu juu ya boriti, mkaitazame. Maji yakienda upande mmoja, upande ule u chini. Inueni mguu au chimbeni ule mwingine zaidi. Boriti ikilala sawa, ifungeni kwa kekele iliyolowekwa katika maji, kwani ikikauka hukaza. Mwenye misumari aitumie, lakini asiache kufunga.

Sita, fungeni miti 4 ya mshazari: toka chini ya mguu wa pembe hata juu ya mguu wa katikati, upande huu na upande ule. Kazi hii wengi huiruka, na ndiyo izuiayo meza kuyumba.

Saba, pangeni fito 30 juu ya boriti. Kati ya fito na fito acheni nafasi ya unene wa kidole, ili maji yapite. Upande wa mwisho, nusu meta, wekeni ubao. Pale ndipo mahali pa kazi: pa kuchanganyia udongo, kujaza vikopo na kuhamisha miche. Zungusheni fito ndefu za ukingo juu, ili vikopo visianguke.

Mtu mmoja aketi juu ya meza kabla ya kuipakia. Ikilia au ikisogea, tengenezeni sasa.

5. Kivuli

Simamisheni miti miwili mirefu upande wa mashariki na miwili mifupi upande wa magharibi, ikiingia ardhini nusu meta. Paa litakuwa juu mashariki na chini magharibi. Hivyo jua la asubuhi, lisilo kali, laingia. Jua la alasiri lazuiwa.

Ezekeni kwa majani mnayoweza kuyatoa. Siku za kwanza kivuli kiwe kingi. Miche ikiwa na majani manne, toeni majani ya paa kidogo kidogo. Majuma mawili ya mwisho ipate jua karibu lote, ili izoee shamba. Lakini mvua kubwa ikija, rudisheni. Mche uliolelewa gizani hurefuka, huwa mweupe, na siku ya kwanza shambani hulala.

6. Udongo

Changanyeni ndoo 9 za udongo mweusi wa juu wa porini, ndoo 3 za mchanga wa mto, na ndoo 3 za samadi ya zamani ya mbuzi au mboji iliyooza. Samadi mbichi huchoma mizizi. Pitisheni vyote katika kikapu chenye matundu, mtoe mizizi, mawe na wadudu. Ndoo 15 za lita 20 zatosha kwa vikopo 300, maana udongo hushuka ukipata maji.

Kwa udongo wa mbegu ndogo, mwagieni maji yanayochemka, ufunikeni, mkauache upoe hata kesho. Hivyo kuvu nyingi zitakufa.

Sikieni vizuri jambo hili, ninyi wa karieri. Mchanga uliobaki baada ya kuosha mawe hauna chakula cha mmea. Maji yamechukua udongo mzuri wote, yameacha changarawe. Msiujaze katika vikopo. Na mahali wanaposafisha dhahabu kwa zebaki, ile dawa ing'aayo kama fedha na kukimbia kama maji, msichukue mchanga, wala matope, wala maji ya kumwagilia. Zebaki ni sumu. Hudhuru watu, na zaidi mtoto aliye tumboni.

7. Vikopo

Fedha haitakiwi. Ganda kavu la mgomba, likikunjwa na kufungwa, ni kikopo kizuri. Jani la ngongo pia lafaa kwa miche ya siku chache. Mwanzi ukikatwa vipande, na makopo ya maziwa, yatumieni, mkitoboa matundu chini. Mifuko ya plastiki ya maji nayo yafaa, oshemi kwanza. Siku ya kupanda, ganda la mgomba na jani huingia shimoni pamoja na mche, kwani huoza. Bati na plastiki lazima yatolewe, mizizi isifungwe.

8. Kupanda na kulea

Si kila mbegu yataka meza. Mahindi, maharagi na karanga pandeni shambani moja kwa moja. Muhogo ni wa vipande. Lengalenga mwaweza kuipanda tutani. Meza ni ya mbegu ndogo zenye thamani, na ya miti ya matunda.

Nyanya, bilinganya na pilipili: pandeni kwanza katika kisanduku chenye udongo wa kimo cha sentimeta 10, kwa mistari, mbegu zisigusane. Funikeni kwa udongo kidogo tu. Nyanya huchipuka kwa siku 5 mpaka 8. Pilipili hukawia zaidi. Miche ikitoa majani mawili ya kweli, ishikeni kwa jani, si kwa shina, mkaihamishe, mmoja mmoja kwa kikopo. Nyanya huwa tayari kwenda shambani baada ya majuma 4 au 5, ikiwa na kimo cha sentimeta 15.

Papai: oshemi mbegu mpaka utelezi utoke, mzikaushe kivulini, mpande mbili kwa kikopo. Huchipuka baada ya majuma 2 mpaka 4. Ng'oeni ulio dhaifu. Baada ya miezi miwili hivi pandeni miche mitatu katika kila shimo, mashimo yakiachana meta 2 na nusu. Maua yakitokea mtajua ipi ni ya kiume; ing'oeni, mkibakiza michache tu ya kuwachavushia majike.

Avoka na kakao: mbegu zake hazitaki kukaushwa. Pandeni mara zitokapo katika tunda. Ncha ya avoka iwe juu, ionekane kidogo. Miti hii yataka vikopo vikubwa, vya upana wa sentimeta 15 na kimo cha sentimeta 25, na kila kimoja kina kilo 5 au zaidi. Basi msivijaze juu ya meza. Vipangeni chini, kandokando, juu ya changarawe na ndani ya ua.

Hesabu nzuri ya meza ya kwanza ni hii: nyanya 120, pilipili 60, bilinganya 60, papai 60. Jumla ni 300. Papai 60 zatosha mashimo 20.

Mwagilieni asubuhi, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Msimwagilie jioni, majani yasilale na maji usiku kucha. Kabla ya kumwagilia, tieni kidole katika udongo: kikitoka na unyevu, ngojeni. Maji mengi yameua miche mingi kuliko kiu.

9. Kuitunza meza

Kila juma zungukeni meza na kutazama miguu. Mkiona njia ya udongo ya mchwa inapanda, ikwangueni kwa kisu mpaka chini. Nyunyizeni majivu penye miguu, na kuyarudia baada ya mvua. Asubuhi na mapema tafuteni konokono chini ya vikopo.

Mbuzi mrefu husimama kwa miguu ya nyuma na kufikia juu ya meza. Kwa hiyo zungusheni ua wa miiba, nusu meta toka mezani, na mlango mdogo. Kuku arukaye azuiwe kwa wavu. Lakini chandarua kizima kisiguswe. Hicho ni cha watoto kulala salama na mbu. Kilichochakaa kabisa ndicho cha miche.

Miche ikitoka, oshemi vikopo na ubao kwa maji ya moto kabla ya kupanda tena. Kazeni kekele iliyolegea, badilini fito iliyooza. Kubadili fito moja ni kazi ya nusu saa. Kuacha mpaka meza ianguke ni kupoteza vyote.

10. Neno la mwisho

Mpango ni huu. Siku ya kwanza kateni miti, mwondoe maganda, mchome miguu. Siku ya pili simamisheni meza na kivuli. Juma lile lile tayarisheni udongo na vikopo, mpande kisanduku cha kwanza. Kila majuma matatu pandeni kisanduku kingine, ili msiwe na nyanya zote kwa siku moja na kukosa baadaye.

Kijana aliye karieri naye ana sehemu yake. Akirudi nyumbani kwa siku mbili, nguvu zake zatosha kuchimba mashimo na kubeba boriti. Mama na wazee watajaza vikopo, watoto watamwagilia kabla ya kwenda shule. Na siku bei ya jiwe itakaposhuka tena, atakuta nyumbani kwake miche mezani na mapapai yaliyoanza kuzaa.

Mtakaomaliza kwanza, waiteni jirani waje waione meza na kuipima. Wapeni miche kumi kumi ya kuanzia. Kijiji chenye meza nyingi huuza mboga kila juma, na wanunuzi huijua njia yake.